Sikiliza Mti Kabla ya Kuupiga Rangi

Esther, mwenzenu, alikuja nyumbani Jumamosi na daftari jipya, akaniambia kikundi chenu cha msitu kinaomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi. Nilimwambia nimechoka. Akasema, "Haina neno, Mama, andika pole pole." Basi ninaandika pole pole. Magoti yangu hayapandi tena mlima, na macho hayaoni mbali, lakini masikio bado ni mazima, na kazi hii niliifanya zaidi kwa masikio.

Wengi wenu mnaniita Mama Désiré. Ofisini niliitwa Mwewa, na wenzangu walinitania kwamba mwenye jina linalofanana na mwewe lazima ajue ndege. Sikujua kitu. Nilipoajiriwa kwenye kitalu cha ofisi ya misitu hapa Likasi, sikuweza kumtofautisha hua na njiwa. Nilijaza udongo kwenye vifuko na kumwagilia miche ya mikaratusi, nikashukuru kwamba nilipewa kazi yenye kivuli. Baadaye walinitoa huko, wakanipa kopo la rangi na brashi, kwa sababu nilijua kusoma na kuandika. Nikawa mpiga rangi. Mti uliopigwa rangi nyekundu unakatwa, usiopigwa unabaki. Ukiitazama ni kazi ndogo. Lakini wenye mashoka hawaulizi swali. Wanafuata rangi.

Mkuu wa kikosi chetu alikuwa Papa Kalenga. Hakukaa shuleni hata mwaka mmoja, lakini alisikia msitu kama ninyi mnavyosikia simu zenu. Kila asubuhi, kabla mtu hajashika chombo, alisimama mahali pamoja kwa muda wa kusonga bukari, ule ugali wetu, kimya, kisha akanitajia majina ya ndege niyaandike. Siku aliyoumwa mgongo alinituma peke yangu. Nilirudi na aina saba, nikijivuna sana. Akaniuliza wale saba walikaa wapi. Nikamjibu kwamba wote walikuwa kwenye mti mmoja, wakiimba kwa zamu.

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwewa, ule haiko saba. Ule njo mumoja. Ni mlamba, anaiba sauti ya benzake."

Mlamba ndiye yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda. Anaiga ndege wengine ili awatishe na kuwanyang'anya chakula. Tangu siku ile sikuandika jina lolote kabla sijamwona mwenye sauti, na nanyi fanyeni vile. Orodha ndefu inampendeza kila mtu ofisini. Msituni haina faida yoyote kama ni ya uongo.

Sasa niwaambie kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kazi.

Aliletwa enjenyere mpya, mhandisi wa misitu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, alisalimia kila mtu, hata wapishi, na viatu vyake vilikuwa safi wakati wote, sijui kwa njia gani. Aliamini kwamba msitu unapaswa kufagiliwa. Miti mikavu, miti yenye mashimo, miti iliyopinda, vichaka vya chini, vyote vitoke, ili ile iliyonyooka ipate mwanga na nafasi. Nyuma yake tulimwita Bwana Kifagio. Papa Kalenga alijaribu kuzungumza naye, kofia mkononi.

"Shefu, ile miti ya kufwa iko na benyewe ndani."

"Papa, muti ya kufwa haizai kitu," enjenyere akajibu bila hasira. "Tunatengeneza pori ya kesho."

Neno hilo la kesho lilinipendeza. Nilikuwa mwanamke kijana, nimepewa kopo na kuaminiwa, na mbele yangu kulikuwa na mtu wa shule aliyeongea vizuri. Nilipiga rangi majuma matatu mfululizo, mwezi wa kumi, joto lile la kabla ya mvua. Sikuacha mti hata mmoja wenye tundu. Nilikuwa na haraka, nami nilijiona hodari.

Katika miti ile kulikuwa na muputu mmoja mkubwa, mti wa miombo ambao wengi wenu mnaujua kwa kuni zake. Ulikuwa umekufa upande mmoja. Juu kidogo ya kichwa cha mtu palikuwa na tundu lililozibwa kwa udongo, limebaki ufa mwembamba tu. Niliuona ule udongo. Nilidhani ni kazi ya mchwa. Nikapiga rangi, nikapita.

Siku mbili baadaye ukaangushwa. Ulipopiga chini, shina lilipasuka, na ndani mlikuwa na hondohondo jike pamoja na makinda mawili yasiyo na manyoya. Mnajua desturi ya hondohondo? Jike anaingia tunduni, analiziba kwa tope, unabaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo ndani ananyonyoka manyoya ya mabawa, hawezi kuruka, na maisha yake yote yanakuwa mikononi mwa dume anayeleta chakula. Makinda yalikufa palepale. Yule jike alikuwa hai. Alijikokota juu ya majani makavu, mabawa kama vijiti, hakuwa na pa kwenda. Mkataji mmoja alimmaliza kwa ubapa wa panga, naye alifanya hivyo kwa huruma.

Kisha dume akaja. Alikuwa na kiwavi mdomoni. Aliruka mpaka mahali tundu lilipokuwa, hewani, pale ambapo hapakuwa na mti tena, akapigapiga mabawa, akazunguka, akarudi tena palepale. Alifanya hivyo mara nyingi. Wanaume walikaa chini, hakuna aliyeshika shoka mpaka alipoondoka.

Papa Kalenga alinijia. Hakupandisha sauti.

"Weye njo ulipiga ile rangi?"

"Ndiyo, Papa."

"Ulisikiliza muti mbele ya kupiga?"

Nilisema hapana. Akachukua panga lake, akanipeleka kwenye mti mwingine mkavu wenye rangi yangu, akanionyesha. Kwanza tazama chini, kama kuna mavi meupe au maganda ya wadudu kwenye shina. Tazama mdomo wa tundu, kama umelainika kwa miguu au una tope bichi. Weka sikio kwenye gome. Gonga mara moja kwa mpini wa panga, halafu ngoja, usigonge tena. Aliye ndani atajisogeza. Mti ule niliuwekea sikio, na ndani nikasikia kitu kinakwaruza. Nilichukua udongo nikaanza kusugua rangi itoke. Haikutoka. Papa Kalenga akachonga gome lote lenye rangi kwa panga, taratibu, mpaka likaisha.

Kuanzia hapo niliruka miti yenye matundu. Enjenyere aligundua upesi, maana alihesabu kila kitu.

"Mama Mwewa, rangi iliisha?"

"Hapana, shefu."

"Sasa juu ya nini uliacha ile miti?"

"Iko na ndege, shefu."

Alinitazama kama mtu anayesikitika. Kesho yake nilirudishwa kwenye kitalu, na kopo akapewa mwingine. Nilijaza vifuko misimu miwili ya mvua. Sikujiona shujaa. Nyumbani mume wangu alisema nimechezea kazi kwa ajili ya ndege, na nilipiga magoti kanisani nikiomba nirudishiwe kopo. Sikuthubutu kumwambia mchungaji sababu, niliona ataniona mjinga.

Eneo lililofagiliwa mnalipita mkienda Kapolowe, ingawa hamwezi kujua. Mara ya kwanza lilipendeza, unaona mbali kama kwenye bustani. Lakini mwanga ulipofika chini, nyasi zilikua mpaka kifuani. Mwisho wa kiangazi moto uliingia, na moto wa wakati ule si mchezo. Nyasi zimekauka kabisa, upepo una nguvu, ndimi zinafika kwenye matawi. Ile miti iliyonyooka, ambayo tuliiachia nafasi, iliungua ngozi. Nilipotumwa huko baadaye kuhesabu ndege, walikuwapo, msije mkadhani palikuwa kimya. Walikuwa wengi hata. Shore, hua, na wale wadogo wa nyasi. Lakini walikuwa wale wale kila niliposimama. Vigogota hawakuwapo. Zuwakulu, naye ndege wa matunduni, hakuwapo. Kigogota anataka mti mkavu achonge nyumba, akihama wengine wanaingia katika nyumba yake, kwa hiyo ukimfukuza mmoja umewafukuza wote waliomfuata.

Enjenyere alihamishwa, na Papa Kalenga akastaafu. Mimi nilirudishiwa kopo, na baada ya muda nikapewa kipande kimoja cha msitu kukisimamia, kile kilicho kandokando ya kijito. Nilikaa nacho miaka ambayo leo naiona kama siku moja ndefu.

Nilikifanyia kazi hivi. Sehemu moja nilikata miti ya makala, yaani makaa ya kupikia, na ya nguzo, kwa zamu, nikikata chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu, kwa mshazari ili maji yateremke na kisiki kisioze. Mti wa miombo haufi ukikatwa vile. Unachipua machipukizi mengi kama vidole, na baada ya miaka mitatu unapunguza, unaacha mawili au matatu yenye nguvu. Sehemu ya pili niliichoma mapema, mwezi wa tano, nyasi zikiwa na ubichi bado, asubuhi, ili moto utembee kwa miguu na uzimike wenyewe. Sehemu ya tatu, kona ya kijito, sikuigusa kabisa. Moto haukuingia, shoka halikuingia, mpaka ikajifunga kwa mizabibu ya porini na vichaka vizito. Huko ndani walikuja kina kurumbiza, wanaopenda giza na majani yaliyooza, ambao hungewaona kamwe kwenye sehemu iliyochomwa. Kwenye machipukizi walikaa wengine. Kwenye miti mizee, wengine kabisa. Na mti mkavu mmoja kila hatua hamsini niliuacha umesimama, nikauzungushia rangi nyeupe, maana yake haukatwi.

Wageni waliokuja waliniuliza, sehemu ipi ndiyo nzuri? Walitaka nioneshe kidole. Hakuna msitu mmoja unaowafaa ndege wote. Ukichoma kote umewafukuza wa kivulini, ukiacha kuchoma kote umewafukuza wa mwanga, na ukikata kote umebaki na shore. Kazi ni kuvifanya vyote, kila kimoja mahali pake, bila kuchoka. Na mtu anachoka.

Asubuhi za mwezi wa saba, wakati wa baridi, kundi lilipita. Ndege wa aina nyingi, wadogo kwa wakubwa, wanatembea pamoja juu ya matawi wakitafuta wadudu, mlamba akiwa mlinzi wao. Unasimama, miti inajaa sauti, halafu ghafla wamepita. Sijawahi kupata maneno ya kueleza jambo hilo kwenye ripoti. Niliandika majina tu.

Sasa nitasema lile ambalo Esther hakuniuliza, kwa adabu, ingawa nyote mnalijua nusu nusu.

Mwanangu Désiré alikuwa anachimba madini upande wa Kamatanda. Mume wangu alikuwa ameshafariki, na ofisi ilikuwa imebaki jina na mlango, hakuna gari, hakuna kikosi, ni mimi na baiskeli yangu. Siku moja mchana Désiré alinikuta kwenye kipande changu. Hakuwa amewahi kunifuata huko. Alikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

"Mama, minakuya kukuomba miti."

"Miti ya nini?"

"Ya kushikilia shimo. Ile shimo ya jirani yetu ilianguka jana. Batu tatu balibakia ndani." Alifuta vumbi kwenye kope. "Ya kwetu inaanza kudondosha mawe. Batu balikata miti yote ya karibu, inabakia ya mikaratusi, inapasuka."

Nilimwambia asishuke tena. Akaniuliza, kwa upole, basi atashuka wapi. Nanyi mnajua kwamba hapa kwetu jibu la swali hilo si rahisi.

Nilichukua panga. Nilimpeleka kwenye machipukizi yaliyokomaa, nikamwonyesha mti mgumu usiooza upesi ardhini, na namna ya kuchagua: pale penye mashina matatu toa moja, pale penye mawili yanayosongana toa lililo dhaifu. Tulifanya kazi mpaka jua likaelekea kushuka. Tulipomaliza, ungepita pale usijue kwamba nguzo zimetoka. Msitu ungevumilia hivyo kila mwaka. Nilifurahi hata, niwaambie ukweli. Nilijiona nimepata njia ambayo mtoto anaishi na ndege anaishi.

Nguzo alizitoa kwa baiskeli kupitia njia ya nyuma, na watu wakaziona. Shimo lao lilisimama. Juma lililofuata nilikuta visiki vipya, vimekatwa usawa wa kiuno, vimechanika. Nikakaa njiani kuwangoja. Wa kwanza kutokea alikuwa mwanamke, Mama Chantal, niliyemjua kanisani, na kitambaa cha kubebea kichwani.

"Mama Chantal, hapa hapakatwi namna hii," nilimwambia. "Njoo nikuonyeshe."

Alitua kitambaa chake chini. "Mama Désiré, mutoto yako iko na miti mu shimo. Bwana yangu, yeye ataweka nini?"

Nilimwonyesha mashina ya kutoa. Alikata kama nilivyomwambia, alinishukuru. Kesho yake walikuja sita. Niliwaonyesha nao. Kisha ishirini, kisha watu nisiowajua, wenye msumeno wa injini, ambao hawakutaka kuonyeshwa kitu. Nilisimama mbele ya muputu mmoja wenye rangi nyeupe, nimefungua mikono, na kijana mmoja akazima msumeno, akaningoja kwa heshima mpaka nilipochoka kusimama. Hakunitukana. Aliniita Mama. Nilipokaa chini akauwasha.

Walipomaliza nguzo wakaja wa makala, wakachukua matawi na miti mikavu. Kona ya kijito ilikwenda mwisho, kiangazi cha pili. Moto ukapita mahali pote.

Désiré yuko hai. Aliacha mashimo, anatengeneza pikipiki barabarani, ana watoto wawili. Mume wa Mama Chantal yuko hai pia, namwona Jumapili amekaa safu ya mbele, anaimba vibaya. Nikimtazama nashukuru, na papo hapo nakumbuka kona ya kijito, na vitu hivyo viwili havijawahi kukaa pamoja vizuri moyoni mwangu. Nimeacha kuvilazimisha. Mkitaka kujua kama ningemfukuza mwanangu siku ile, hapana. Mkitaka kujua kama nilikosea, ndiyo, niliamini kwamba ujuzi wangu utatosha mahali ambapo kila mtu ana haja na mimi ni mmoja.

Kwa hiyo mlipoanzisha kikundi chenu, mkapata ruhusa ya kutunza kipande kile kile, sikuja kuwaona. Mtanisamehe. Sikutaka kukiona. Esther ndiye aliyenipakia kwenye pikipiki mwezi uliopita, akanishusha palepale.

Tulisimama kimya kwa muda niliofundishwa. Tulisikia shore. Tulisikia hua. Mlamba mmoja aliita, nikangoja nione kama anaiga mwingine. Ilikuwa sauti yake mwenyewe tu. Sikutaka kumwambia Esther kwamba labda hana wa kumwiga. Kisha nikaona visiki. Hata vile vilivyochanika usawa wa kiuno vilikuwa vimechipua chini, karibu na mizizi, machipukizi mengi membamba yenye majani mekundu ya msimu mpya.

"Mama," Esther akauliza, "sasa kigogota atarudia wakati gani?"

Nilimwambia kwamba kigogota anataka mti uliokufa ukiwa umesimama. Na ili mti ufe hivyo, lazima kwanza ukue, unenepe, uzeeke. Mkianza leo kupunguza machipukizi, mkizuia moto wa mwisho wa kiangazi, mkiwaonyesha wenye haja ya nguzo pa kukata kabla hawajajionyesha wenyewe, na mkiwa wengi, maana mmoja hatoshi, basi hesabu inaanzia hapo.

Alianza kuhesabu miaka kwa vidole. Alimaliza mkono mmoja, akaingia wa pili, akaacha.

Nikakaa juu ya kisiki, nikamwambia ashike panga, nikamwonyesha chipukizi la kwanza la kutoa.